Friza la Mama wa Keki

Ilikuwa mwaka juzi... hapana, ulikuwa mwaka jana, maana mwaka juzi mama wa keki pale Bariadi alikuwa bado hajanunua friza. Mzee Mboje, kila akizunguka mjini, hukaa kibarazani kwake akamtazama. Maziwa mgando mama huyachuja kwa kitambaa mpaka yawe jibini, akaoka nayo keki, ikipoa akaikata vipande. Kila kipande hukivalisha nailoni, halafu foili, akikipapasa taratibu hewa itoke, kama anayembembeleza mtoto alale, ndipo hukilaza kwenye friza.

Siku moja umeme ulikatika asubuhi, na keki ya harusi ya Winnie, binti wa jirani, ya kesho yake, ilikuwa humo humo. Akalifunika friza kwa blanketi na gunia la pamba, kisha akalikalia. Mwenyekiti wa harusi akaja kuchukua samaki wake, sato aliyemhifadhi humo.

“Hafunguliwi mtu! Baridi ikitoka, kesho wageni watakunywa uji.”

“Hata mimi, mama?”

“Wewe ndiyo kabisa, ukishafunua unaanza kuchagua.”

Mwenyekiti akaondoka anacheka. Mzee Mboje, aliyekuwa amekaa kibarazani, akakohoa tu, vumbi limemkaba koo. Mama akashuka, akainua kona ya blanketi na mfuniko, akazamisha mkono mpaka begani, akaibuka na chupa ya maji ya baridi, akampa mzee, akapanda tena juu. Alasiri umeme ulirudi. Keki ilikuwa bado imeganda, ngumu kama tofali.

Mpaka leo, huku mama akiendelea kupapasa nailoni yake na kutabasamu, mzee humuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma: “Mayu, mwenyekiti ulimnyima samaki wake mwenyewe. Mimi sikuomba hata maji, ulinifungulia kwa nini?”