Aliyemuuzia Marehemu Mume Wangu Kompyuta Leo Analeta Posa

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina langu, maana Tanga hii ukikohoa Pongwe unapewa pole Chumbageni.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu, mjane. Nina mtoto mmoja tu, binti, ambaye mimi na baba yake tulimpata tukiwa tumeshakata tamaa. Ndiye anayeposwa, na kinywa changu ndicho kinachosubiriwa.

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ile ya dhiki, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, yeye alikuwa akizunguka vijiji vya pwani mpaka Mkwaja, anakaa na mabibi, anaandika nyimbo zao za kutwangia na masimulizi kwa lahaja zao zilezile. Mama yake mzazi alimwimbia nyimbo ambazo hakubaki mwingine aliyezijua. Zote akaziandika. Watu walimcheka, wenzako wanatafuta unga wewe unatafuta nyimbo. Mimi sikumcheka.

Ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, na pamoja na mitumba na redio kaseti zikaja kompyuta. Kampuni moja ikafungua ofisi mjini, ikatuletea wakala, kijana wa tai shingoni kwenye joto la Tanga, marashi yake yanafika kabla yake. Akaitisha maonesho, akagawa kofia na soda. "Karatasi ni chakula cha mchwa," akasema. "Kompyuta haisahau. Dunia haimsubiri mtu!" Watu wakapiga makofi, na nusu yao nyumbani hawana hata umeme.

Mume wangu aliulizia ile programu ya kuandikia ambayo maofisi mengi yalikuwa nayo. Wakala akakunja uso kama katajiwa ugonjwa. "Hiyo ni ya makarani, Mwalimu. Wewe ni msomi, chukua ya kwetu." Hiyo ya kwao ilitaka namba ya kufungulia, na namba unapewa na ofisi yao kila mwaka. Nikauliza, "Na mkifunga ofisi?" Hakunijibu mimi. Alimgeukia mume wangu, akasema, "Shemeji ana wasiwasi kama bibi zetu." Wakacheka wote wawili. Kicheko cha mume wangu ndicho kilichoniuma.

Tuliuza shamba la michungwa alilonirithisha baba yangu kule Muheza. Mume wangu akaanza kuingiza kazi zake, kidole kimoja kimoja, kila jioni, furaha tele. Karatasi zikasahaulika stoo, mchwa wakazila. Nilipozitoa zilimwagika kama unga wa muhogo. Yeye hakushtuka sana. Si zimo kwenye kompyuta?

Masika yaliyofuata ofisi ikafungwa. Hakuna tangazo, hakuna samahani. Namba ikaisha muda. Mashine inawaka, programu inaomba namba, basi, hapo ndipo mwisho wa safari. Mafundi wakajaribu, wakashindwa. Mume wangu akamfuata wakala hadi Dar es Salaam, akamkuta kwenye kampuni nyingine, sasa anauza simu za mkononi. Aliporudi alikaa kitandani na viatu miguuni. "Kaniambia ile imepitwa na wakati, ninunue mpya," akasema. "Nikamuuliza, mpya itafungua kazi zangu? Akaniambia, za zamani za nini tena, Mwalimu?" Kisha akalia. Hata kwenye msiba wa mama yake sikumuona akilia vile. Alifariki miaka mingi baadaye, kwa presha. Sisemi kompyuta ndiyo iliyomuua. Nasema tangu siku ile sikumsikia akiimba.

Sasa binti yangu kapata mchumba, kijana mpole, mfamasia. Nilifurahi. Wazee wa upande wake wakaja kujitambulisha, baba yake akiwa mbele, kitambi na marashi. Hajakaa vizuri akaanza kuwasifia wageni wenzake mfumo fulani wa kwenye simu anaoutafutia wateja. "Jamani, dunia haimsubiri mtu!" Sinia nusura linidondoke.

Nikamuuliza kwa upole, "Unamkumbuka mwalimu wa nyimbo?"

Akafikiri, akaangua kicheko. "Aaa, ile programu! Ile ilikuwa bomu, mama. Mimi mwenyewe sikuitumia hata siku moja. Barua zangu nilikuwa napigisha taipu." Anasema hayo huku anatafuna kaimati zangu. Halafu akaongeza, "Siku hizi kuna ya simu, vitu vyako vyote vinahifadhiwa, mwezi wa kwanza bure. Nikuwekee?"

Nikaingia jikoni, nikamwacha na kaimati zake. Jamani, mwizi ana heshima kuliko watu hawa. Mwizi hakuiti kwenye maonesho, hakuvishi kofia, wala harudi kuomba binti.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye walii wa kumwozesha binti, kaniambia, "Ukikubali naozesha, ukikataa narudisha posa." Binti yangu kapiga magoti: "Mama, mimi siolewi na baba yake." Na kijana alikuja peke yake, akanipa shikamoo, hakukaa mpaka nilipomwambia akae. "Mama, mimi sikuyajua haya," akasema. "Nimemwambia baba aje akuombe radhi. Kakataa. Anasema biashara ni biashara." Macho yalikuwa mekundu. Nilimwamini, na kumwamini ndiko kunakonitesa.

Nawaomba ushauri, wanangu. Wale wa kuniambia "mama, hayo ndiyo maendeleo" wapite kimya, nilishaambiwa na mwenye tai. Nataka mtu aniambie: niseme ndiyo, nimwandalie yule bwana chakula kila Idi mpaka nife? Au niseme hapana, nimnyang'anye mwanangu mtu wake, ili yule bwana arudi kwake akalale usingizi uleule?