Majani ya Mwanawetu

Mwanawetu alikuwa akitibu vidonda katika kijiji kimoja cha wavuvi kwenye ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji. Dawa yake ilikuwa majani ya kichaka kinachoota pale mikoko inapokutana na nchi kavu, watu wakikiita mti wa vidonda tu. Aliyatwanga, akayabandika, akafunga kitambaa safi, na kidonda kikakauka. Mama yake naye alikuwa akitibu hivyo hivyo. Waliopona walimletea samaki au muhogo, na wengine hawakuleta kitu.

Gesi ilipogunduliwa baharini wageni walikuja na mitambo yao, na sehemu ile ya vichaka ikafyekwa ili ijengwe kambi. Kabla mashine hazijaingia, Mwanawetu alikwenda akachimbua miche kadhaa. Akaipanda nyuma ya nyumba yake, kwenye mchanga mkavu, akawa anaimwagilia maji ya kisima. Ikashika vizuri. Majani yalikuwa yale yale, hata harufu.

Mwaka uliofuata mumewe, Husseni, alichomwa mguuni na mwiba wa samaki aitwaye taa akivuta wavu. Mwanawetu akambandika majani, lakini mguu ukazidi kuvimba. Ossufo, mdogo wake Husseni, akaleta gari ili ampeleke kaka yake hospitali ya Palma.

"Mwache, shemeji," Mwanawetu alimwambia. "Mkono wangu haujashindwa na kidonda hata siku moja."

Husseni naye alisema atangoja, akimwamini mkewe. Gari likaondoka bila yake. Alipokuja kupelekwa, homa ilikuwa imempanda, naye alikuwa hamtambui mtu. Alifia huko huko hospitali.

Baada ya matanga Ossufo aliacha kumsalimu shemeji yake. Alisema mbele za watu kwamba mkono wa Mwanawetu umeondokewa na baraka. Maneno yakaenea, na mwenyewe akayaamini. Aliing'oa ile miche yote akaichoma moto. Jirani yake Nasma alipomletea mtoto aliyeunguzwa na uji, Mwanawetu alimwambia aende hospitali, akafunga mlango, akalia.

Binti yake, Laila, alikuwa akisoma biolojia chuoni, katika mji wa Pemba huko huko Msumbiji. Alipokuja kumzika baba yake alichuma majani ya nyumbani kabla miche haijang'olewa, akachuma na mengine ng'ambo ya ghuba, ambako mikoko ilikuwa bado imesimama, akitaka kujua kwa nini safari ile dawa haikuponya. Mwalimu wake, dokta Vitória, akamsaidia kuyachunguza. Waliyaosha vizuri kwa nje, wakayasaga, wakaotesha maabarani kile kilichokuwa kikiishi ndani yake. Katika majani ya ng'ambo walikuta bakteria wanaokaa ndani ya jani bila kulidhuru, na wanaotoa kemikali inayozuia vijidudu vya vidonda visikue. Katika majani ya nyumbani hawakuwakuta. Dokta Vitória alidhani bakteria hao huingia kwa mizizi kutoka kwenye tope la maji ya chumvi. Mchangani, mti uliweza kuishi bila wao.

Laila alirudi likizo akamweleza mama yake haya yote, mama akiwa anachagua mchele.

"Kwa hiyo mti ulikuwa mzima, ila dawa haimo?" Mwanawetu aliuliza.

"Ndiyo, mama. Wewe ulifanya kama ulivyofanya siku zote. Mkono wako hauna lawama."

Mwanawetu aliendelea kuchagua mchele. Kisha akasema, "Gari lilikuwa mlangoni, mwanangu. Mimi ndiye niliyelirudisha."

Laila akaketi, akachagua mchele pamoja naye.

Alikwenda kwa baba yake mdogo, Ossufo, akamweleza naye. Kesho yake Ossufo alikuja, akaketi barazani, akamwomba shemeji yake msamaha kwa maneno aliyoyasema. Mwanawetu akampa mkono. Wakakaa pamoja mpaka adhana ya alasiri, ndipo Ossufo akaondoka kwenda msikitini.

Bakteria wale wanaendelea kutunzwa Pemba. Laila hakumficha mama yake kwamba huenda ikapita miaka mingi kabla haijatoka dawa ya kununuliwa, na huenda isitoke kabisa. Mwanawetu aliomba jambo moja tu, kwamba bakteria wale wasiachwe wafe.

Kutibu hakurudia tena. Mtu akija na kidonda, huchukua kanga yake, akamsindikiza mwenyewe mpaka hospitali, akakaa naye kwenye benchi hadi aitwe.