Siku Baba Aliporudi Akiwa Ameshazikwa Midomoni

Nyie mliokulia Bariadi enzi zetu, malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalipoanza kumiminika, mtanielewa. Pamoja na mitumba, malori yale yalituletea gazeti la katuni. Ndani yake misukule walikuwa wamemaliza mji mzima, na watu wachache waliobaki wakajenga kijiji kipya. Wakazungushia miiba, wakalima mtama, wakachagua mwenyekiti. Kila aliyebisha hodi alilambishwa chumvi kwanza, maana msukule hawezi kula chumvi wala hawezi kusema. Tulilisoma gazeti lile mpaka kurasa zikanuka michembe, viazi vikavu tulivyokuwa tunatafuna. Wanangu leo wanatazama mazombi kwenye simu huku wanatafuna chipsi na kucheka. Sisi hata chooni tulikuwa tunasindikizana.

Mwaka ule baba alikuwa machimboni, anatafuta dhahabu. Wakati wa kuvuna pamba ikaja habari kwamba shimo limewafukia. Mwili haukupatikana. Ndugu wakaja kutoka Lalago, tukanyolewa nywele, tukakaa matanga, na mama akaanza kuitwa mjane.

Miezi ikapita. Jioni moja tukiwa tunacheza rede, dada yangu Kabula akapiga ukelele. Nyuma ya uzio wa minyaa alisimama mtu amejaa vumbi, amekonda, macho mekundu. Alikuwa baba. Akafungua mdomo, sauti haikutoka.

Jamani, niliogopa! Mama alitoka na panga. Majirani wakasimama mbali, mmoja akasema, "Msimfungulie. Huyo tulishamlilia." Nilitaka awe baba, na nilitaka aondoke, yote kwa pamoja.

"Mayu, mpe chumvi!" Kabula akamlilia mama. "Kwenye katuni wanapewa chumvi!"

Mama hakusogea. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeingia jikoni akatoka na chumvi kiganjani, akaipenyeza kwenye uzio. Baba akalamba. Akakohoa, akatema vumbi, kisha akamsalimia bibi kwa sauti ya kukwaruza, "Mwadila, mayu. Nimetembea tangu jana, mnanipa chumvi. Maji je?"

Panga likamdondoka mama. Kumbe baba alihamia machimbo mengine kabla shimo halijaporomoka, na hakuna aliyetuambia.

Aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki kweli, simu iliita nikiwa kazini Mwanza, na kabla sijakaa chini picha yake ya wodini ilikuwa imeshafika kwenye kundi la familia. Wanangu wanasema mawasiliano siku hizi ni rahisi. Ni kweli. Ila enzi zile habari ya msiba iliweza kuwa uongo, na mtu ukamwona anarudi kwa miguu yake.

Tulipomaliza kuzika nilibaki uani, naangalia njia ya machimboni mpaka giza likaingia. Niliogopa kuliko siku ile, kwa sababu hakutokea mtu.