Kuku Aliyechagua Dawa Chungu

Mama Mayai, ambaye banda lake la kuku limegusana na jiko ukuta kwa ukuta, alikuwa na kuku mmoja mkorofi aliyembandika jina la Bi Shari. Siku Bi Shari alipoanza kuchechemea, mdogo wa mume wa Mama Mayai, mchinjaji wa sokoni, akatokea na kisu kabla hata hajaitwa.

"Lete huyo nimalize kazi."

"Mguu unamuuma tu, shemeji. Atapona."

"Kuku ana maumivu gani? Hata baiskeli ikipinda rimu inachechemea. Nayo inaumwa?"

"Baiskeli haichagui dawa. Bi Shari atachagua. Asipochagua, mchukue."

Akaweka makopo mawili ya chakula, jekundu na jeupe. Katika lile jekundu akachanganya dawa ya maumivu aliyopewa na daktari wa mifugo, chungu kama shubiri. Kuku wazima walidonoa mara moja, wakatikisa vichwa, wakafuta midomo chini na kuhamia kwenye jeupe. Bi Shari alikula huku na huku, na jioni maumivu ya mguu yakapungua. Kesho yake akalifuata jekundu moja kwa moja.

"Kapenda rangi tu," shemeji akacheka.

Hapo Mama Mayai akakubali kwamba amekosea: alipaswa kubadilisha makopo. Akahamishia dawa kwenye jeupe. Bi Shari akadonoa jekundu, akasita, akavuka kwenda jeupe na kula ule uchungu.

"Basi ana ulimi mbovu, anapenda vichungu."

"Na wewe jino lilipokutoa machozi, vidonge ulivitafuna kwa utamu wake?"

Shemeji akashika shavu, lakini kisu hakukiweka chini. "Tutaona akipona."

Akapona. Shemeji aliporudi, Bi Shari alikuwa anawafukuza wenzake uwanja mzima. Mama Mayai akaweka makopo yote mawili. Bi Shari akaonja lenye dawa, akatema, akafuta mdomo kwa dharau, akaenda kula kitamu.

"Umeona? Mguu hauumi tena, anywe dawa ya nini? Huyu anajua hali yake mwenyewe. Hachinjwi."

Shemeji akakigeuza kisu mkononi.

"Na hao wa sokoni kwangu, shemeji? Nao wanasikia maumivu?"

"Wanasikia. Na hicho kisu chako butu kama kijiko kinawazidishia."

Shemeji akaomba jiwe la kunolea, akavuta kigoda, akaanza kunoa.