Dobi aliyeungama kosa lisilo lake

Saa moja kasoro robo asubuhi, toroli la kwanza linaingia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali likiwa limejaa pomoni. Mwanamke mwenye aproni ya mpira na glavu zinazofika viwikoni anainua shuka moja, analikung'uta, analitupa kwenye rundo lake. Ya wodini huku, ya chumba cha upasuaji kule. Yenye damu yanakwenda kwenye pipa la maji baridi.

“Damu haitaki maji ya moto,” anasema bila kuinua macho. “Ukiipa moto inang'ang'ania.”

Katika mashuka hayo ameshakuta sindano, simu, meno ya bandia, na mara moja pete ya ndoa aliyoizungusha wodi nzima mpaka akampata mwenyewe. Wenzake wanamwita Mama Mkubwa. Ana miaka hamsini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia humu, kwa mshahara ambao, kwa maneno yake, “unafika nyumbani umechoka kuliko mimi.”

Nyuma yake mashine tatu zinanguruma. Ya nne, iliyo karibu na ukuta, imefunikwa turubai.

Hiyo ni ya kunyooshea mashuka. Ina roli mbili za chuma zenye moto. Shuka bichi linaingia upande huu na kutokea upande wa pili likiwa kavu. Mbele ya roli hukaa ubao wa kinga: mkono ukiugusa tu, mashine inasimama. Mwanzoni mwa mwaka uliopita ubao huo uling'oka. Ukafungwa kwa waya, ukabaki pambo.

Mama Mkubwa, aliyekuwa kiongozi wa zamu, alimweleza msimamizi wa kitengo mara tatu. Msimamizi ni mwanamume wa sauti ya chini, na ni mzee wa kanisa pale pale anaposali Mama Mkubwa. Kila mara alijibu kwamba fundi yuko njiani. Miezi miwili ilipita, fundi yuko njiani. Ndipo siku moja mkurugenzi wa hospitali akapita kukagua.

“Nikamwambia, ‘Mkubwa, hii mashine itakula mtu.’ Nilisema kwa sauti kwa sababu humu kuna kelele. Humu hunong'oni.”

Jumapili, baada ya ibada, Mama Mkubwa aliitwa ofisini kwa mchungaji. Alimkuta msimamizi ameshakaa, macho chini.

“Dada, umemvunjia heshima mzee wa kanisa mbele ya wakubwa wake,” mchungaji alianza.

“Baba mchungaji, mashine ni mbovu.”

“Hatuzungumzii mashine. Tunazungumzia moyo wako. Bwana wetu alijishusha mpaka msalabani. Wewe kujishusha kwa msimamizi wako tu, unashindwa?”

Jumapili iliyofuata, mbele ya waumini wapatao mia mbili, alipiga magoti na kuomba radhi kwa kiburi chake. Watu walipiga makofi. Akina mama walimkumbatia, mmoja akamwambia uso wake unang'aa.

“Nisikufiche, nilijisikia vizuri,” anasema. “Andika hivyo hivyo. Nililia, nikajiona mtakatifu. Nikadhani ndio unyenyekevu wenyewe.”

Mume wake, fundi rangi, hakuwa na habari. Alipoona magoti yake yana vumbi na kuelezwa kisa chake, alimuuliza kama na mashine ameshaiomba msamaha au hiyo imepangiwa Jumapili ijayo. Siku mbili hawakusemezana.

Jumatatu asubuhi msimamizi alikuja na karatasi. Ilisema mashine namba nne imekaguliwa na ni salama kwa kazi. Palihitajika saini ya kiongozi wa zamu.

“Akaniambia, ‘Mama, ile roho ya jana iendelee.’ Nikasaini.”

Siku kumi na tisa baadaye, saa kumi jioni, aliyekuwa kwenye mashine hiyo ni mwenzake wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili. Wote walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo: akiongea, akitania, akiimba mradi kazi isogee.

“Alikuwa anaimba,” anasema Mama Mkubwa. “Wimbo ukakatika katikati ya neno.”

Alirukia kitufe cha kuzima mashine. Roli hizo hazisimami papo hapo.

Chiriku alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia. Alifanyiwa upasuaji ghorofa mbili juu ya chumba hicho hicho. Kesho yake mashuka yalishuka kama kawaida.

“Yakaja kwangu. Niliyafua mimi.”

Ripoti ya hospitali ilikuwa ya kurasa mbili. Ilisema mashine ilithibitishwa kuwa salama, kwa saini ya kiongozi wa zamu, hivyo ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi. Chiriku aliachishwa kazi kwa mshahara wa mwezi mmoja. Fidia hakupata. Kanisani, ambako naye alikuwa akisali, walimchangia, wakamfanyia maombi. Aliyeongoza maombi hayo ni msimamizi.

Alipotafutwa na gazeti hili, msimamizi alisema suala hilo amemwachia Mungu, akakata simu.

Mchungaji alikubali kuzungumza. Alikuwa akizungusha kalamu mezani.

“Sikuuliza habari za mashine,” alisema hatimaye. “Niliuliza habari za sauti yake tu.”

Je, atayasema hayo mbele ya waumini waliopiga makofi? Alijibu kwamba anaomba muda wa kutafakari. Ni miezi minne sasa.

Mama Mkubwa naye ilimchukua miezi mitano kufunga safari kwenda kwa Chiriku, ingawa ni mwendo wa robo saa tu kwa miguu. Chiriku anaishi katika chumba kimoja cha kupanga, chenye pazia katikati. Mama Mkubwa alimkuta nje akikamua nguo, upande mmoja ameushika kwa mkono wa kushoto, wa pili ameung'ata kwa meno.

“Ile karatasi niliisaini mimi,” alimwambia kabla hajakaribishwa. “Nilijua kinga imefungwa kwa waya.”

Chiriku aliiachia nguo. “Ulijua?”

“Nilijua.”

“Na siku ile ukaniambia, ‘Mwanangu, leo shika namba nne.’”

Mama Mkubwa akaanza kupiga magoti.

“Simama!” Chiriku alipaza sauti hadi majirani wakatoka. “Usinipigie magoti mimi. Mimi si kanisa, na hapa hakuna wa kukupigia makofi. Umekuja nikusamehe ili upone. Haya, mimi nitapona lini?”

Kisha, kwa sauti ya chini: “Kama una la kusema, kawaambie walioandika kwamba nilizembea.” Akaingia ndani.

Chiriku mwenyewe anathibitisha kwamba hajasamehe. “Yule ni kama mama yangu, ndiyo maana inauma,” anasema. “Angekuwa msimamizi peke yake, ningemchukia nikamaliza.” Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kanisani haendi tena.

Mama Mkubwa bado anakwenda, kanisa lile lile, benchi la nyuma kabisa. Anasema hana sababu ya kuhama, kwa kuwa Mungu hakumkosea kitu.

Saa ya chakula anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glavu zikiwa mapajani.

“Nilidhani kunyenyekea ni kuwa mdogo mbele ya wakubwa,” anasema. “Pale mbele ya watu niliungama kosa ambalo sikulifanya. Lile nililolifanya kweli limelala kwenye faili, lina saini yangu. Sasa niambie, pale nilijishusha au nilijificha?”

Hangoji jibu.

“Bwana aliosha miguu ya wanafunzi wake, lakini hakuna aliyemwamuru. Na siku alipopigwa kofi mbele ya kuhani hakusema asante. Aliuliza kosa lake ni lipi. Hapo hawatuhubirii.”

Shauri la Chiriku litasikilizwa mwezi ujao kwenye baraza la kazi, na Mama Mkubwa ameomba kuwa shahidi. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alimshauri aeleze habari za waya na kuruka ile ya saini, asijichongee. Alikataa.

“Nikiruka saini, ile ripoti itabaki na mguu wa kusimamia,” anasema. “Na mimi nitakuwa nimekwenda pale kujisafisha, si kumsaidia mtu.”

Amebakiza miezi ishirini astaafu. Wiki iliyopita alipokea barua ya utawala ikimkumbusha wajibu wake wa nidhamu na utii. Akifukuzwa kwa kosa, kiinua mgongo kitakwenda na maji. Mume wake, mwenye goti bovu, ameshaanza kuulizia kazi za rangi za nyumba za chini, zisizohitaji ngazi ndefu.

Maelezo yake kwa baraza ameyaandika mwenyewe kwa mkono, ukurasa mmoja tu. Sentensi ya kwanza inasema: “Nilijua.” Anasema atayasoma akiwa amesimama, kwa sauti ile ile aliyomwambia mkurugenzi, na radhi hatamwomba mtu mwingine yeyote mle ndani isipokuwa Chiriku.

Je, ana tumaini gani?

Anavaa glavu, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia, na kuvuta toroli jingine.

“Natumaini watanisikiliza kwanza,” anasema, “ndipo wanifukuze.”