Mtini Uliokosa wa Kuuombea

Watu walimwita mwanamke huyo Haipungui, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza kwa kila mnunuzi. Aliuza milango na madirisha yaliyong'olewa kwenye nyumba za kubomolewa. Ukweli ni kwamba bei yake ilipungua sana. Ilitaka tu mtu wa kuguna, kujifanya anaondoka, kisha arudi. Aliyekubali bei ya kwanza, Haipungui alimdharau kimoyomoyo: huyu hakufunzwa na mamaye.

Mama yake mwenyewe walimzika siku chache kabla ya Kwaresima. Akabaki na mdogo wake wa kiume, fundi wa kupiga randa na kufunga bawaba, hodari akiwa hajanywa, na siku za kutokunywa zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mama akiwa hai, kila Haipungui alipotaka kumfukuza mdogo wake, mama aliketi kwenye kizingiti cha karakana na kusema, "Mwanangu, mpe mwaka huu tu." Mwaka ukaisha, mama akaketi tena.

Jioni moja ya Kwaresima hiyo, jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwake. Katekista alisoma habari za mtini usiozaa: mwenye shamba anataka ukatwe, mtunza shamba anaomba mwaka mmoja, ataupalilia, atautilia samadi. Akauliza nani ana tafakari.

"Huyo mtunza shamba anajua biashara," akasema Haipungui. "Hakulia. Kaomba muda, kaweka na jasho lake."

Wakacheka. Jirani mshonaji akadakia, "Na mti wenyewe, mama, ulisemaje?"

"Mti una mdomo? Ungekuwa wangu ningeukata nikauza kuni."

Safari hii hakucheka mtu. Nyuma ya pazia, mdogo wake alikuwa akipanga vikombe. Vikombe vikanyamaza.

Wageni walipoondoka, Haipungui alimfuata mdogo wake jikoni. Alikuwa ananuka pombe, lakini amesimama wima.

"Umenisikia."

"Nimesikia, dada."

"Basi nakupa mpaka Pasaka. Ikikukuta unanuka hivi, karakana utaiona kwa nje."

Hiyo ilikuwa bei ya kwanza. Pa kushukia alipajua: mwaka mzima, kama wa mama, na nyongeza juu yake, mradi aombwe. Akasubiri aambiwe Pasaka ni karibu mno. Akasubiri hata mguno.

"Sawa," akasema mdogo wake.

"Sawa nini? Huna la kusema?"

"Aliyekuwa akinisemea tumemzika." Akafuta mikono, akavua ufunguo wa karakana shingoni, akauweka kando ya vikombe. "Na Pasaka ya nini, dada? Tusichoshane."

Akatoka, randa kwapani.

Haipungui hakumkimbilia. Anayemfuata mteja mpaka barabarani ameshauza kwa hasara, hilo analijua hata muuza njugu. Alisimama mlangoni akingoja ageuke penye kona, kama wanavyogeuka wote. Kona ikammeza.

Kwaresima ikaendelea, na masomo yake. Aliuliza kwa mafundi, kwenye vilabu, kwa shangazi, hakuna aliyemwona. Katekista alipomwambia atulie kwa Mungu, alimuuliza mtini ule mwishowe ulizaa au ulikatwa.

"Haikuandikwa, mama."

Siku moja kabla ya Pasaka, mnunuzi alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha karakana, pale pa mama. Akaulizia mlango wa mbao ngumu uliokuwa bado haujapigwa randa. Haipungui akataja bei. Mnunuzi akaguna, akageuka kwenda zake, taratibu, kama ilivyo ada.

"Rudi!" Haipungui alikwisha simama. "Rudi, baba. Inapungua."