Sakafu ya Bwana Afya

Mtaani walimwita Bwana Afya, na jina hilo alilivaa mpaka likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini na mmoja aliingia majikoni mwa watu na shati jeupe, tochi mkononi, rula ya plastiki mfukoni kifuani. Alichungulia nyuma ya majiko, akapitisha kidole juu ya makabati, kisha akakiinua kidole hicho mbele ya mwenye mgahawa na wateja wake wote, bila kusema neno. Kimya hicho alikipenda kuliko mshahara. Alifunga migahawa, alifunga mabucha, aliwahi kufunga hata jiko la shule siku ya mtihani, na jioni alirudi nyumbani akiwa na hamu nzuri ya kula.

Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini huyu hata mapigo ya moyo hakujipima. Nyumbani kwake, sebuleni mpaka jikoni, chini kulibandikwa kapeti la plastiki, lile jembamba linalonunuliwa kwa mita na kukatwa kwa kisu. Lilikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika kwenye kikombe. Karibu na sinki lilikuwa jeusi kabisa. Ukitembea juu yake ulisikia nyayo zikibanduka, chwap, chwap, na ukisimama mahali pamoja kusoma barua, ilibidi ujinasue kabla ya kuondoka. Ajabu ni kwamba liling'aa. Liling'aa kama mtu aliyepaka mafuta bila kuoga.

Angeikuta sakafu hiyo kwa mtu mwingine angeita askari. Ya kwake aliiita sakafu ya zamani. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Sasa, mzee huyu alikuwa mjane wa miaka miwili, na alikuwa na binti mmoja, mkunga, na binti huyo alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miezi minane. Bwana Afya alimpenda mtoto yule kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote, na jambo hilo lilimwudhi kidogo, kwa sababu hakuwa amelipanga. Alimwita mchumba. Wastaafu wenzake walishachoka kusikia habari za jino la mchumba, lile la chini, la kwanza.

Mwezi uliopita binti alimleta. Akamweka chini sebuleni, mtoto akaanza kutambaa kumwendea babu yake, na katikati ya safari kiganja kikagoma kubanduka. Akavuta, akavuta tena, akaangua kilio. Binti akamnyanyua, akamgeuza, akayatazama magoti. Akachukua kitambaa chenye maji, akayafuta, akakitandaza kitambaa mezani mbele ya baba yake. Kilikuwa cheusi. Hakunywa chai, aliondoka.

Alipiga simu Jumatano. "Baba, nakuja Jumapili saa nne. Nikiikuta sakafu ile, sikai, na mtoto simleti tena nyumba hiyo."

"Wazazi wa siku hizi mna mambo," Bwana Afya akasema. "Wewe mwenyewe umekulia sakafu hii hii."

"Nimekulia sakafu ya mama," binti akasema, na simu ikakatika.

Jumamosi saa mbili asubuhi, Bwana Afya akakunja suruali. Alikadiria kazi hiyo ingemchukua nusu saa, dakika arobaini akiwa mvivu. Kwani kupiga deki ni kitu gani? Kila mwanamke anaweza. Aliwahi kuwafokea wapishi kwamba sakafu chafu ni uvivu tu, hakuna kingine, na mpaka asubuhi hiyo aliliamini neno hilo kwa moyo wake wote.

Akaanza na klorini, kwa sababu kazini klorini ilikuwa jibu la kila swali. Macho yakamtoka machozi, sakafu ikabaki vilevile. Akamwaga sabuni ya unga, konzi mbili, akaongeza ya tatu ili iogope. Povu likapanda mpaka kwenye miguu ya makochi. Akasukuma povu jikoni, likarudi sebuleni. Akateleza, akashika pazia, pazia likashuka naye. Saa tano sakafu ilikuwa imekauka, ina michirizi ya kijivu, na inanata kuliko mwanzo, kwa sababu sabuni isiyosuuzwa nayo ni uchafu, ila yeye hilo hakulijua. Mtu aliyeandika kurasa elfu za usafi.

Hapo ndipo alipokwenda ukutani kumwita jirani yake, dobi. Dobi huyu alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya kamba, na hakuwa na sababu ya kumpenda. Bwana Afya aliwahi kumng'olea kamba zake za kuanikia kwa kisa cha maji kudondokea njiani. Lakini alikuja, tena alikuja haraka, maana jambo kama hilo mtu hapendi kusimuliwa.

"Karibu mama, ingia ujionee. Sakafu imechoka hii. Nadhani ni ya kubadilisha tu."

Dobi akaingia hatua mbili. Kwenye hatua ya tatu mguu ulitangulia, kandambili ikabaki nyuma. Akaigeukia kandambili, akamgeukia mzee.

"Haijachoka," akasema. "Haijaogeshwa."

"Naisafisha kila Jumamosi, bila kukosa."

"Kwa kitu gani?"

Bwana Afya akaleta kopo la polishi na kitambaa alichokifunga kwenye mti wa fagio. Dobi akalifungua kopo, akanusa, akalifunga.

"Hii ni polishi, mzee wangu. Kabla ya polishi unafanya nini?"

"Kabla?"

"Ehe. Kabla."

"Nafagia. Halafu napaka."

Dobi akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Bwana Afya alisimama pale na suruali yake iliyokunjwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisubiri kuambiwa kosa lake.

Na kosa lenyewe lilikuwa hili. Miaka yote ya ndoa yake, kila Jumamosi, alikuwa akitoka asubuhi kwenda kwenye ukaguzi wa sokoni na kurudi saa kumi na moja jioni. Akifungua mlango alikuta harufu ya polishi, na mkewe akimalizia kwa kitambaa pale kizingitini. Hicho ndicho alichokiona, miaka na miaka: polishi, kitambaa, dakika tano. Mke alipofariki, akaamua kuendeleza utaratibu wa marehemu, na utaratibu alioujua ulikuwa mkia tu. Kwa hiyo miaka miwili, wiki baada ya wiki, mkaguzi wa usafi alipaka polishi juu ya mafuta ya kukaangia, juu ya vumbi, juu ya polishi ya wiki iliyopita, akaona inang'aa, akaridhika. Mpumbavu mwenye bidii ni hatari kuliko mvivu.

Dobi akaomba kijiko. Akapiga goti moja, akakwangua karibu na mguu wa meza. Ganda la kahawia likajikunja mbele ya kijiko.

"Huu ni mwaka huu," akasema. Akakwangua tena palepale. "Huu ni mwaka jana." Akakwangua mara ya tatu, taratibu, ikatokea bluu, na kwenye bluu kiua cheupe kidogo. "Na huyu hapa ndiye mkeo."

"Sakafu hii ni ya kahawia," Bwana Afya akasema.

"Ni ya bluu. Alituita wote tuje kuiona siku ilipobandikwa. Wewe ulikuwa wapi?"

Hakukumbuka alikuwa wapi. Labda alikuwa kwenye bucha la mtu.

"Sasa mama," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "hebu nisaidie basi. Wewe si una mkono wa kazi hizi?"

"Ninao. Wewe una mingapi?" Dobi akainuka, akafuta goti. "Nina nguo za watu kwenye maji. Sikiliza vizuri, sirudii. Maji ya moto, sabuni ya vyombo kiasi tu, usiimwage kama unazima moto. Unalowesha kipande kidogo, kama mkeka wa mtu mmoja. Unakaa, unasubiri ganda lilainike. Unakwangua na kitu cha plastiki, siyo chuma, chuma kitakuchania. Unasugua na brashi, unafuta ule uji, unasuuza, unasuuza tena, unakausha. Ndipo unasogea."

"Na polishi?"

"Ukigusa hilo kopo nitakuja kukufungia nyumba," dobi akasema, akaenda zake.

Basi Bwana Afya akapiga magoti. Akaanzia mlangoni, kwa sababu mlangoni ndipo wageni wanapoona kwanza, na yeye maisha yake yote aliishi kwa kinachoonekana. Akakwangua kwa ile rula yake ya kazini. Kipande cha kwanza kilimlia saa nzima. Uji uliotoka ulikuwa mzito, wa kahawia, una nywele, una punje za mchele, una harufu ya vitunguu vya zamani, na hapakuwa na mtu wa kumwinulia kidole. Alichukia kila kitu. Alimchukia dobi, alilichukia kapeti, alimchukia aliyebuni plastiki. Kipande cha pili kilipong'aa bluu, akashtuka kujikuta amefurahi.

Tatizo ni kwamba maji ya moto yalikuwa jikoni. Kila ndoo ilimlazimu apite juu ya ganda akiwa na miguu yenye maji, arudi na uji kwenye nyayo, akanyage pale alipokwisha kukausha. Akageuka, akaona nyayo zake mwenyewe, nzuri kabisa, za kahawia, juu ya maua meupe. Akazifuta. Akaenda kuchota maji. Akarudi na nyayo nyingine. Jioni mgongo ulikataa, akalala na nguo zake. Jumapili alfajiri akaanza tena, akifuta nyayo za jana kwanza.

Saa nne kamili binti akabisha hodi. Mtoto alikuwa mgongoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pita. Hapana, ngoja, usipite."

Alikuwa chini, katikati ya sebule, na hakuweza kuinuka mara moja. Mbele ya mlango palikuwa na bluu kama upana wa kitanda, na juu ya bluu hiyo nyayo mbichi. Nyuma yake rangi ile ya chai ilienea mpaka jikoni. Binti akamtazama kuanzia mikono yenye malengelenge mpaka suruali iliyolowa. Akavua viatu nje.

"Nani alikusafishia hapa?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Tangu jana asubuhi." Alingoja asifiwe. Ndiyo, hata katika hali ile alingoja asifiwe.

Binti akapita pembeni kwa ncha za vidole, akakaa kwenye kochi, akamfungua mtoto, akampakata. Mchumba akamwona babu, akajipinda kutaka kushuka, akanyoosha mikono yote miwili. Bwana Afya naye akanyoosha ya kwake, akaiona ilivyo, akairudisha.

"Mbona umeanzia mlangoni?" binti akauliza.

"Kwani mama yako alianzia wapi?"

"Jikoni, kona ya mwisho. Anarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ili asikanyage alipopita. Saa mbili asubuhi anaanza, saa kumi na moja anamaliza."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, baba."

Bwana Afya akakaa juu ya visigino vyake. Magoti yalikuwa yakiwaka moto, yote mawili, na goti la kushoto lilikuwa limevimba likaijaza suruali. Alitaka kukasirika, maana hasira ndiyo aliyokuwa na mazoea nayo, lakini ilikosa mtu wa kumwendea.

"Mbona hakuniambia kwamba ni kazi kubwa hivi?"

Binti alimwinamia mtoto. Alikuwa akimpangusa mtoto mdomo, akapangusa hata pasipo na kitu.

"Alikuambia magoti yanamwuma," akasema. "Ukamletea mafuta ya kuchua."

Mzee akaweka brashi chini. Aliikumbuka vizuri chupa ile. Alikuwa ameinunua mwenyewe, na alikuwa ameona fahari kuinunua, na alipoikabidhi alimweleza mkewe namna ya kuitumia, mara mbili kwa siku, baada ya kuoga, na kwamba magoti huuma kwa sababu ya uzito na kukosa mazoezi. Mkewe alishukuru. Akayapaka mafuta yale Jumamosi ya wiki ile ile, jioni, alipomaliza sakafu. Bwana Afya aliinamisha uso akalia bila sauti, machozi yakadondoka ndani ya ndoo pamoja na uchafu mwingine wote.

Binti alimwacha alie. Hakumwambia basi, hakumwambia yamepita. Alipoona ametulia, akamgeuza mtoto upande wa pili, akasema, "Leo sina zamu. Mtoto nitamweka chini ukimaliza."

Bwana Afya akashika ukingo wa meza, akainuka kwa awamu tatu. Akachukua ndoo, brashi na rula, akaenda jikoni mpaka kona ya mwisho, nyuma ya mlango wa uani. Akapiga magoti, akaanza upya, akirudi nyuma.